Barua Yangu Iko Darini

Jamaa, leo mwenye nyumba wangu kasoma gazeti, tena kwa kuinua shingo.

Bati lake linavuja, dari ya kitambaa imeoza. Jana niliiziba kwa magazeti ya zamani na uji wa muhogo.

Asubuhi akaja kukagua. Akasimama chini ya barua yangu ya gazetini inayomwita mroho asiyetaka kuziba paa. Nikajua leo leo natolewa Temeke.

"Bwana, hii uliiandika lini?"

"Mwaka jana. Gazeti likaitoa nzima."

"Mie gazeti sinunui. Kesho nakuletea bati jipya. Ila hapo penye mroho, bandika kitu kingine."

Tangu nishike kalamu sijafuta neno langu hata moja.

Mke wangu keshaegemeza ngazi, uji anao mkononi.

Mnasemaje, nipande?