Tulikula Sufuria Moja

Kwetu, ukimpa mgeni soda, unaifungua chupa mbele ya macho yake. Ukimpa uji katika kikombe, unaonja wewe kwanza. Watu wanaotoka mbali huona ni adabu, na sisi tunawaacha waamini hivyo. Mimi nimekulia Butembo, na ninajua ni woga. Kijana akifa ghafla, hatuulizi aliugua nini, tunauliza alikula kwa nani. Hata Ebola ilipoanza upande wa Mangina, kuna waliosema hadi mwisho kwamba ni sumu tu.

Rafiki yangu alikula kwangu.

Tulikuwa mwaka wa pili chuoni, tumepanga vyumba vilivyopakana katika uwanja mmoja, juu kilimani ambako baridi haina huruma. Yeye alitoka Beni. Mama yake alihamia huko baada ya kuyakimbia mashamba yao ya kakao karibu na Eringeti, waasi walipovamia. Baba hakuwahi kukimbia. Tulikuwa na mbabula mmoja, jiko la makaa, na sufuria moja. Leo mimi nasonga bundu, ugali wetu wa mihogo, kesho yeye anachemsha maharagi na kuyaunguza. Aliyaunguza kila mara, nami nilimsema kila mara, na tulikula.

Miezi ya mwisho usingizi ulimkimbia. Nilikuwa namsikia kupitia ukuta akisogeza kiti. Nikimuuliza, jibu lake ni "ça va, grand," yaani niko sawa, kaka, na kicheko kidogo. Mimi ni mtu wa kushuku, hata mke wa mchungaji akinisalimu vizuri kupita kiasi najiuliza anataka nini, na hiyo ça va niliishuku pia. Nilimsihi tuongee na mtu mzima, akasema tutaenda. Tangu hapo watu wamenitajia sababu chungu nzima: mtihani wa kurudia, kifo cha baba, msichana fulani. Nazishuku zote, hasa zile zinazotajwa kwa uhakika mwingi.

Asubuhi moja mama mwenye nyumba na mimi tulilazimika kufungua mlango wake. Alikuwa amejiua. Tulichokiona sitakisimulia hapa wala mahali pengine.

Kaka yake mkubwa alifika kutoka Beni kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Hakulia. Alifunga mlango, akatuketisha, akatueleza jinsi kanisa lao linavyofanya: aliyejiua haingizwi kanisani, kwaya haimwimbii, mchungaji hafiki makaburini. Nyumba yao itasemwa ina laana, na dada zake hawajaolewa. Kisha akashusha sauti.

"Mutasema ni malaria ilimukamata. Mama hapana weza kusikia ile ingine. Atakufa."

Tulikubali. Nilimhurumia, na nilitaka rafiki yangu aimbiwe.

Lakini malaria gani hiyo? Jana yake watu walimwona akichota maji, akiwatania watoto bombani. Hakuna aliyemwona akitetemeka wala kulalamikia homa. Jeneza lilikuwa halijashuka kilima, majirani walikuwa wameshamaliza hesabu yao: ni sumu. Na kama ni sumu, wote walijua sufuria ni ya nani.

Kule Beni kwaya iliimba vizuri sana. Nililia, na katikati ya machozi nilifurahi kwa ajili yake. Baadaye, chini ya hema la matanga, nilichukua birika niwasaidie wazee kunawa mikono. Mzee wa kwanza akarudisha mikono yake kwenye mapaja, akasema ameshanawa. Wa pili naye ameshanawa. Msichana mmoja akaniletea sucré, soda ya machungwa, tayari imefunguliwa. Niliitazama ile chupa kwa muda mrefu, joto la Beni likinikausha koo, na sikuinywa. Hapo nikaona wameshaniambukiza, kwa sababu na mimi nilikuwa nawashuku.

Niliyemshuku zaidi ni yule kaka. Alisimama upande wa wazee akinitazama. Kila mara mtu alipomwinamia sikioni na kunong'ona, hakutikisa kichwa kukataa. Sidhani kama ni yeye aliyeanzisha uvumi. Aliukuta, akaona unamfichia siri yake, akauacha utembee.

Niliporudi Butembo, mama mwenye nyumba, yeye aliyeona yote pamoja nami, alikuwa amehamisha sufuria zake kutoka jiko la pamoja. Nilimuuliza kwa hasira anaogopa nini. Akajibu kwamba haogopi kitu, ila watu wanaongea, na yeye ana wapangaji. Wenzangu wa darasa walianza kuja na maji yao kwenye chupa. Mwanzoni niliwacheka. Siku moja, mchana kweupe, jiwe likaanguka juu ya bati langu. Siku chache baadaye mwenzangu mmoja akaniambia kwamba vijana wa mtaa wa rafiki yangu kule Beni wanasema watapanda Butembo kuja kuniuliza. Kwetu, anayeulizwa namna hiyo hasubiriwi ajibu. Watu wamechomwa kwa kosa dogo kuliko langu.

Neno moja lingeniokoa. Neno hilohilo lingemfikia mama yake kupitia midomo ya watu, na lingemfanya rafiki yangu aonekane mtu aliyeiba wimbo wa kwaya. Niliogopa kufa, na niliona aibu kusema. Nilifunga begi nikimbilie kwa shangazi yangu Lubero, nikalifungua, nikalifunga tena.

Begi lilikuwa bado mlangoni mama yake alipoingia uwanjani. Alikuja peke yake kuchukua vitu vya mwanawe. Majirani walitoka mmoja mmoja, ghafla kila mtu ana nguo za kuanika. Nilimpa kiti. Akaniambia ana njaa, nimpikie kile mwanawe alichokuwa anakula.

Nilisonga bundu, nikapasha maharagi. Nilipomwekea sahani, nikanyoosha mkono nimege kwanza, kama desturi inavyotaka. Akanishika kifundo cha mkono.

"Hapana onja, mutoto yangu. Ni mimi nilimuzala. Najua haikuwe sumu."

Akala. Alikula polepole, mbele ya uwanja mzima, akaisafisha sahani kwa kidole.

Kisha akanieleza. Jumapili ya mwisho mwanawe alimpigia simu, akamwomba msamaha wa makosa ya utotoni, hata ya kikombe alichovunja akiwa mdogo. Mgonjwa wa malaria, alisema, angelia malaria. Tangu siku ile moyo wake ulikuwa unajua. Alinyamaza kwa sababu alimwona mwanawe mkubwa anavyoing'ang'ania hiyo malaria, na hakutaka kumvunja. Nilisikia hasira, hata kwake. Walikuwa wanalindana kwa ukimya, na mawe yanaanguka kwenye bati langu.

Lakini aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, si polisi, si mchungaji.

"Alikuwaka analala?"

Nikamwambia hapana, alikuwa halali. Nikamwambia habari za kiti, za ça va, za maharagi yaliyoungua. Alicheka kidogo kwa maharagi, akalia, na mimi nikalia naye, sote tumekaa palepale uwanjani.

Halafu akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akawageukia wale wenye nguo za kuanika.

"Mutoto wangu alijiua. Hakuna mutu alimupatia kitu. Kama kuko mwenye kuuliza, aniulize mimi."

Hakuna aliyeuliza. Vijana wa Beni hawakupanda. Ndani ya wiki sufuria za mama mwenye nyumba zilirudi jikoni, tena akaniomba chumvi kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimpa, lakini sikusahau.

Woga wa watu ulinitoka mimi ukahamia kwa mama wa rafiki yangu. Kanisani kikundi cha wamama kilimshauri apumzike kuimba. Mwanawe mkubwa hakusema naye kwa muda mrefu. Mama huuza bundu na maharagi kando ya barabara ya kwenda Mavivi, na wateja wengi wa zamani sasa wanapita upande wa pili. Nikishuka Beni, naenda kula kwake. Nakaa kwenye benchi la nje ili wanaopita wanione. Akitaka kuonja kwanza, namkataza.

Kila mara ananiuliza kama ninalala. Kwa muda mrefu nilimjibu ça va. Juzi nilimwambia hapana, mama, silali. Akaepua sufuria motoni, akaacha wateja wake wawili wamesimama, akaja kuketi kando yangu.