Amina ya Mlinzi wa Mabegi

Jumamosi, uwanjani Kagarama, mchezaji wa akiba wa timu ya kanisa letu alinung'unika kando yangu.

"Mzee, leo ndiyo mwisho. Kila mechi mimi ni wa kulinda mabegi tu!"

Mara tukafunga bao la kuongoza. Kama ilivyo desturi yetu, wachezaji wote walirudi nusu yetu, wakapiga magoti na kufumba macho. Hata golikipa, ambaye ndiye mchungaji, aliacha goli aje kuongoza sala. Sala zake hazina haraka. Refa akachoka kungoja, akapuliza filimbi, na wapinzani wakaondoka na mpira kuelekea goli tupu.

Mtu mmoja tu alikuwa macho, maana mlinzi wa mabegi husali bila kufumba.

"AMINA!" akanguruma.

Wote wakaruka. Mchungaji akakimbia, akaudaka mpira mstarini.

Mechi ilipokwisha, alikuja akihema. "Nani alinikatiza sala?"

"Mimi, Mchungaji. Yule wa mabegi."

"Ubarikiwe, ndugu yangu! Usibanduke hapo."

Habari ya kuacha timu sijaisikia tena. Waumini tumemwomba mlinzi huyo jambo moja tu: Jumapili, mahubiri yakianza, akae kiti cha mbele.