Mboga ya Bukavu

Sisi tuliokulia milima ya Masisi wakati ule barabara zilipokuwa tope tupu, hatukuhitaji sababu ya kuondoka nyumbani. Asubuhi moja Mama alinituma shambani, upande wa Ngungu, nikachimbe viazi. Njiani nikakuta kamio, lori lililojaa kabichi, imezama topeni. Nikasukuma pamoja na watu wengine, ikatoka, nikapanda juu ya mzigo. Dereva aliponiuliza ninakwenda wapi, nilimjibu kuwa kule anakokwenda yeye. Shule nilikuwa nimeshaiacha, na jembe la Mama nililiegemeza kwenye mgomba, labda liko huko hadi leo.

Lakini kulikuwa na jambo moja nisiloweza kuliacha njiani. Mama alikuwa amezika watoto wawili kabla yangu. Nilipozaliwa, mama yake akaamua nilishwe vitu vya udongoni tu, nisionje chochote chenye damu mpaka nitakapooa. Mama alinikumbusha mara nyingi: "Siku utakula nyama, njo siku utanizika." Nilimwamini kama nilivyoamini kwamba mvua hulowesha.

Nyumbani haikuwa adhabu. Tulikula maharagi yaliyochemka tangu alfajiri, viazi vya kuchoma majivuni, sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mafuta ya mawese yaliyoletwa kutoka Walikale kwa vibuyu. Ukoko wa chungu tuliupigania mpaka mtu anang'atwa kidole. Siku ya Noeli, kuku alipochinjwa, watoto wote waligombania kuketi karibu nami, maana kipande changu kilikuwa chao. Sijawahi kupendwa tena namna ile.

Siku mbili juu ya kamio nilikula kabichi mbichi. Tulipofika Bukavu mchana, tumbo langu lilikuwa linaongea peke yake. Dereva akanipa sarafu chache kwa kazi ya kusukuma, nikafuata harufu ya moshi mpaka mtaa wa Kadutu, kwenye nyumba ya chakula ya mwanamke mnene aitwaye Mama Veronika. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakilipia kula. Nikaketi kwenye benchi, nikamwuliza kama mboga iko.

"Iko, papa. Nawa mikono."

Akaniletea bugali na bakuli la mchuzi mwekundu. Nilikata tonge, nikalichovya, likawa limefika mdomoni ndipo nikaona mfupa.

"Mama, niliomba mboga."

"Hii njo mboga."

"Hii ni mbuzi."

"Na mbuzi ni nini? Kile unakulaka na bugali, njo mboga."

Benchi zima likacheka. Kwetu mboga ilikuwa majani. Mjini ilikuwa chochote kinachosindikiza bugali. Seremala mmoja akasema huyu ametoka Masisi, kule mbuzi ni shemeji. Mimi nilishika lile tonge hewani, mchuzi ukinitiririka hadi kiwiko. Njaa ilisema Mama yuko mbali, hataona.

"Nikikula hii, mama yangu anakufa," nikasema, nikaliweka chini.

Mama Veronika akaniuliza mama yangu anaitwa nani, anaishi mlima gani, amezika wangapi. Kisha akaondoa bakuli, akaleta chungu chake mwenyewe cha sombe, ambacho hakukiuza, kwa sababu wateja wake walisema majani wanakula kwao. Ndani yake kulikuwa na ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani. Ubishi ukaanza: je, ndagala ana damu? Seremala akasema damu yake imekaukia juani huko Uvira. Mwingine akasema damu ni damu, hata ya mbu.

"Muache," Mama Veronika akaamua. "Mama ya mutoto hatakufa juu ya ndagala."

Akarudisha chungu chake, akawasha moto upya, akanipikia lengalenga, mchicha mtupu. Nilikula mpaka nikalamba bakuli.

Mama aliishi mpaka akashika wajukuu. Siwezi kuapa kwamba ni kwa ajili ya lile tonge, lakini sijawahi kulijutia.

Siku hizi wajukuu zangu wakiingia mahali pa kula Bukavu, wanapewa karatasi yenye picha, maana bila picha hawajui maharagi yanafananaje. Mmoja hali nyama. Anaweka kidole kwenye picha, analetewa, anakula huku anatazama simu. Hakuna anayemcheka, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Ni vizuri, najua. Ila siku ile mimi niliulizwa mpaka swali la mwisho, yaani nitalala wapi, na nilikuwa sijalifikiria. Mama Veronika akasogeza magunia ya maharagi nyuma ya jiko, akatandika mkeka juu yake, akaniambia nisikojoe. Nilikaa pale miezi minne.