Tangi Ambalo Sikulifungua

Ipo siku moja ambayo siisahau, mwanangu Twalib, na Ijumaa iliyopita uliponipakia kwenye gari lako kutoka Mokowe hadi kijijini Hindi ilinirudia yote. Ulikuwa unakanyaga mafuta mpaka kwenye tuta, unafunga breki, kisha unakanyaga tena. Ukakutana na rafiki yako, mkapiga soga dirisha kwa dirisha huku injini inanguruma. Halafu ukanilalamikia kwamba gari linakunywa mafuta. Mimi nilikuwa natazama nje, kwa sababu niliyemwona kwenye usukani hukuwa wewe, nilikuwa mimi.

Enzi hizo nilikuwa kijana wa kuendesha boti, na ami yangu alikuwa ameninunulia mashine ya nguvu za farasi arubaini, kubwa kuliko ile boti yenyewe. Mashine ya kumi na tano ingenitosha na kubaki. Lakini nani angegeuza shingo pale ufukweni mjini Amu kwa mashine ya kumi na tano?

Dada yangu mkubwa, shangazi yako Maryamu, alikuwa ameolewa na mtu wa Maskati, na siku hiyo alikuwa anaondoka. Ndege ilikuwa ya saa nane mchana, kiwanjani, kisiwani Manda. Baba hakuipenda safari ile. Miezi kadhaa alikuwa hazungumzi naye ila kwa salamu, kwa kuwa alitaka bintiye aolewe karibu. Wiki ya mwisho moyo wake ukalainika, akaniletea neno kutoka kwetu Kipungani: nikamchukue, afike Manda, ampitishe binti yake chini ya msahafu kwa mkono wake mwenyewe. Wajua desturi yetu. Msafiri hatoki mpaka mzee ainue msahafu, naye apite chini yake. Maryamu alipopata habari alilia kwa furaha, akaniambia, "Usinicheleweshee Baba."

Mafuta nilitia jioni ya kuamkia siku hiyo, ya kwenda Kipungani, kurudi mpaka Manda, na akiba. Asubuhi nilipofungua kamba, kijana mmoja wa Shela akanipita kwa boti yake mpya na kunicheka. Basi. Nikamfukuza mpaka Shela, nikarudi naye mpaka Amu, nikamfukuza tena, mkono wa mashine nimeuzungusha hadi mwisho. Watu walisimama kututazama, na kwa kweli nilifurahi sana. Kisha nikashika njia ya Kipungani kwa mwendo ule ule, nikipigana na upepo uliokuwa unanijia usoni.

Nilimkuta Baba ufukweni, amevaa kanzu yake ya Idi, msahafu umefungwa kitambaa cheupe. Kando yake ulikuwa mkeka aliousuka mama kwa ajili ya Maryamu. Nikambusu mkono.

"Mafuta yatosha?" akaniuliza.

"Tele, Baba."

Sikulifungua tangi. Nilijibu tu, kama vijana wanavyojibu.

"Tungoje kidogo mai yageuke, yatutukue hadi Manda," akasema. "Wakati tunao."

"Mashine hii haingoji maji, Baba."

Akanitazama, akapanda. Njiani aliniashiria kwa kiganja mara mbili, polepole, polepole. Nilijifanya sioni, kwa vile nilitaka aone boti inavyoinua kichwa.

Mashine ilikohoa tukiwa tunaiona Manda, ikazima. Nilivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Nikalifungua tangi wakati huo, na chini hamkuwa na kitu. Nilikuwa na kafi moja tu la kupigia maji kwa mkono, na maji yalikuwa yameshaanza kututembeza kando. Hakukuwa na boti ya kupungia, na simu za mkononi wakati ule tulikuwa hatujazisikia. Tukasikia ndege ikinguruma upande wa pili wa mikoko.

Ilipoinuka ilikuja juu yetu hasa. Baba alifungua kile kitambaa, akasimama katikati ya boti iliyokuwa inayumba, mzee wa magoti mabovu, akauinua msahafu kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Nilimshika kiuno asianguke. Akakaa hivyo mpaka ndege ikawa haisikiki.

Kisha akaketi, akaufunga msahafu wake. "Sikukuuliza kama waweza kukimbia," akasema. "Nilikuuliza mafuta."

Hakulisema tena mpaka anakufa. Na alikufa kabla Maryamu hajarudi. Barua za kwenda Maskati nilikuwa naziandika mimi, na kwa kuona haya niliandika kwamba siku ile Baba alikuwa na homa. Maryamu hakuamini. Alirudi kwa hitima, tukaenda kaburini, akaniambia, "Niambie tu kweli. Alikuwa bado ana hasira nami?" Miaka yote ile alikuwa ameishi na swali hilo.

Nikamweleza yote, Shela, tangi, kafi, na msahafu. Akafuta mchanga mikononi.

"Kumbe nilipita," akasema.

Sasa wote wawili hawapo, na nawatamani kila siku. Ikipita ndege juu ya Manda huwa nainua kichwa mpaka leo.

Mashine ile kubwa niliiuza, nikanunua ndogo, na ndiyo iliyokulea. Kwa hiyo nakwambia kama baba. Hilo gari kubwa kwa barabara ya Hindi ni la kutazamwa tu, liuze, utafute dogo lenye injini ya kiasi. Ondoa mguu mapema ukiliona tuta, gari litafika lenyewe bila kufungwa breki. Kanyaga taratibu unapoondoka. Ukitaka kupiga soga, zima injini, ushuke, umpe mwenzio mkono. Pima upepo wa magurudumu. Na ukiulizwa kama mafuta yatosha, tazama kwanza, ndipo ujibu. Mafuta unayoyachoma kwa kutaka kuonekana ndiyo yatakayokosekana siku mtu wako anakungoja.

Kesho unampeleka mkeo Malindi, na tumbo lake limeshakuwa kubwa. Kabla hamjavuka kwenda Mokowe, piteni kwangu. Msahafu wa babu yako ninao mimi, na kitambaa ni kile kile. Nitauinua pale mlangoni, mpite chini yake nyote, na huyo aliye tumboni. Mola awape njia nyepesi na mwendo wa utulivu, na awafikishe wakati wanaowangoja bado wamesimama. Amin.