Fundi wa Alama za Mwalimu

Dada yangu ni fundi cherehani. Shule aliiacha kabla hesabu hazijaanza kuchanganywa na herufi, na mpaka leo husema aliondoka wakati mzuri. Mungu, ambaye naye ana utani wake, akampa mume mwalimu wa hisabati. Nyumbani dada humwita mumewe Mwalimu, naye humwita mkewe Fundi. Ukiwasikia toka dirishani utadhani ni watu waliokutana kazini.

Kisha Mwalimu akapigwa na kiharusi. Alianguka akipiga pasi shati la kazi. Alipotoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala na ulimi umekuwa mzito. Akili ilikuwa palepale, timamu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Wageni walikuja kumwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ilifika mahali akimwona mgeni anavuta pumzi tu kabla ya methali, anageukia ukutani.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alituma ujumbe kwamba shule ikifunguliwa, Mwalimu alete mtihani wa majaribio aliouandaa mwenyewe, umechapwa, kisha wazungumze. Akishindwa, watamstaafisha kwa sababu za afya. Ubao si lazima siku hizi, alisema, masomo yanaangazwa ukutani kutoka kwenye kompyuta. Lakini kompyuta nayo inataka mikono.

Nikatoa yangu. Nina duka la steshenari, nachapa barua na ripoti za watu, na shuleni hisabati niliipenda. Nikamketisha shemeji kando yangu, nikabofya Ingiza, nikabofya Mlinganyo, kisanduku cha kuandikia fomula kikajitokeza katikati ya ukurasa.

"Haya shemeji, sema."

"Ki... kipeuo cha..."

"Cha pili," nikasema, na alama ilikuwa imeshaingia.

Akatikisa kichwa. "Cha... cha..."

"Cha tatu? Sawa. Kipeuo cha tatu cha x, siyo?"

Mimi na subira hatukuzaliwa tumbo moja. Kila alipofungua mdomo nilikuwa nimeshafika mwisho wa sentensi, namngoja huko. Mara nyingine nilipatia, nikajisifu. Mchana alikuwa haongei tena, ananyoosha kidole tu. Jioni hata kidole akakirudisha mapajani.

Dada alipokuja kumchukua alitazama skrini, akamtazama mumewe.

"Umemfanya nini Mwalimu wangu?"

"Namsaidia."

"Umemsaidia mpaka amenyong'onyea hivi? Kesho kaa kando."

Kesho yake alifunika cherehani kwa kitambaa, akaja kuketi kwenye kiti changu. Kuchapa alijua kwa kidole kimoja. Alama hakujua hata moja. Nilimwonyesha jedwali lake na kale kamshale kanakolifungua lote, akaguna.

"Hizi zote ni hesabu? Mbona kama duka la vifungo."

Niliona tumekwisha. Mtihani wa watoto wanaojiandaa kumaliza shule, unachapwa na mtu asiyejua kipeuo!

"Fundi," Mwalimu akasema. "Weka... kipeuo."

"Kikoje?"

Shemeji alifumba macho. Nilikuwa najua jibu, limenikaa kwenye ncha ya ulimi linaniwasha. Dada alinitupia jicho, nikaenda kupanga karatasi.

"Kama... tiki," Mwalimu akasema hatimaye. "Halafu... ina... paa."

"Tiki yenye paa." Akaipekua ile safu mpaka akaiona. "Hii hapa. Ndani ya paa anaingia nani?"

Ndivyo walivyofanya kazi. Alama ya intigrali, ule mstari mrefu uliopinda juu na chini, ikawa kulabu. Theta, ule mviringo wenye mstari katikati, ikawa kifungo. Ile ya kisicho na mwisho ikawa miwani. Ilipofika sigma, ile ya kujumlisha mfululizo, walibishana, dada akisema ni herufi M imelala usingizi, Mwalimu akisema hapana, ni... ni... na dada akangoja, mkono juu ya kipanya, ametulia kama anayesubiri mteja avue koti apimwe. "Ni M... iliyo... choka," Mwalimu akamaliza, na wote wawili wakacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Nilijifanya natafuta stepla.

Dada alikosea sana. Ukiandika kipeo kwenye kile kisanduku kidogo cha juu, lazima ubonyeze kishale cha kulia ndipo urudi chini. Yeye alisahau, na kila kilichofuata kikapanda naye, jumlisha na sawasawa na majibu, vyote vidogo juu angani.

"Shuka, Fundi," Mwalimu akamwambia.

"Nishukie wapi?"

Akamweleza. Kishale kipo upande gani, kibonyezwe mara ngapi, utajuaje kwamba umeshafika chini. Maelezo yale yalichukua muda ambao mimi ningechapa ukurasa mzima. Lakini yalikuwa sentensi kamili, na mbele yangu shemeji hakuwahi kumaliza hata moja. Pale ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinatokea, na kiliniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Sisi tuliojua tulimkata kauli kwa upendo. Dada hakujua, ikabidi angoje, na kwa kuwa Mwalimu alingojwa, maneno yake yakaanza kurudi, moja moja. Nampenda shemeji yangu, na siku zile nilimpenda dada zaidi.

Shule ilipofunguliwa tulikwenda watatu. Mkuu aliupekua mtihani ukurasa kwa ukurasa, kwa penseli mkononi, na penseli haikugusa karatasi. Akavua miwani.

"Kazi safi, Mwalimu. Hili halina ubishi. Lakini karatasi si darasa. Wanafunzi watakuuliza maswali. Niambie ukweli, utaweza?"

Mwalimu alikaa sawa kwenye kiti. "Nita..."

Ikakwama. Nje watoto walikuwa wanaburuta madawati.

"Nita... nita..."

"Utajaribu," Mkuu akasema kwa upole. "Naelewa, Mwalimu. Utajaribu."

Mwalimu akatikisa kichwa. Mkuu akanitazama mimi, macho yakiniomba nimalizie, na wallahi nilikuwa na maneno kumi tayari. Kisha akamtazama dada. Dada alikuwa ameweka mikono mapajani, anamtazama mumewe bila wasiwasi wowote, mtu anayejua neno liko njiani ila hajui ni lipi. Mkuu akafunga mdomo. Akaiweka penseli mezani taratibu.

Tulikaa hivyo, watu wazima wanne kimya, mpaka mimi nikaona aibu ya kupumua.

"Nitafundisha," Mwalimu akasema. Akapumzika, akaendelea. "Niki... nikisubiriwa."

Mkuu alivuta ratiba ya vipindi, akatafuta darasa la mwisho, akaandika jina la shemeji yangu kwenye kila kipindi cha hisabati. Halafu akachora mabano kuunganisha vipindi viwili viwili, ili kila somo liwe na muda mara mbili.