Moto Uliobaki Unawaka

Siku ile naikumbuka vizuri, mjukuu wangu. Tulikuwa tunavuna viazi mimi na bibi yangu, hapahapa Njombe, nami nimefika umri wa kuolewa. Posa ilikuwa imeletwa na ukoo ambao kijijini waliitwa watu wa moto. Nikamwambia bibi kwamba siolewi na wasaliti. Nilisema kwa sauti, majirani wasikie.

Bibi akaacha jembe. Wakati wa vita vya Majimaji yeye alikuwa mtoto mwenye akili zake. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe wa kijiji, na wanaume wakapanga kwenda usiku kuwarudisha. Ikaamriwa kila nyumba izime moto, ili askari wadhani watu wamehama. Nyumba moja, ya ukoo huohuo ulioniposa, haikuzima. Askari wakaona mwanga, wakavizia njiani, na wanaume waliporudi na ng'ombe wakapigwa risasi. Baba yake bibi alikufa pale.

Hayo niliyajua. Ndiyo niliyokuwa nayasema kila siku.

"Umewahi kuuliza kwa nini mama wa nyumba ile hakuzima?" bibi akaniuliza.

Sikuwahi.

"Alikuwa na mtoto mchanga, kifua kimembana. Baridi ya huku unaijua. Mama yangu alikwenda kumhimiza azime, akamkuta mtoto anahema kwa shida. Akarudi nyumbani, akanyamaza."

"Kwa hiyo mama yako alijua?"

"Alijua. Na aliyekufa ni mume wake. Hakumwita mwenzake msaliti hata siku moja. Wewe uliyezaliwa juzi, neno hilo umelitoa wapi?"

Nikainama, nikaendelea kuokota viazi. Nilikasirika, sikufichi. Hasira yenyewe iliniisha taratibu.

Sasa nasikia huko Makambako umemkataa kijana wa watu kwa mambo ya babu zake. Kama humpendi, mwache, sikulazimishi. Lakini usimhukumu mtu kwa kosa ambalo hujui lilitokeaje, wala usibebe kinyongo ambacho wafiwa wenyewe walikwisha kukiweka chini. Uliza kwanza.

Yule mtoto alipona. Akakua, akaoa, akamzaa babu yako, ambaye posa yake niliikubali kabla viazi havijaisha shambani. Mungu akutunze, mwanangu, na nyumba yako isikose moto.