Chandarua Juu ya Kimea

Jambo zima lilitugharimu chupa mbili za damu na salamu za wifi yangu. Nimehesabu mara mbili. Damu tulipewa hospitali, salamu bado.

Tunaishi chini ya mji wa Moshi, kwenye mifereji ya mpunga. Wazazi wetu walitoka juu mlimani, kwenye baridi, ambako mbu alikuwa habari ya watu wengine. Waliposhuka walishuka na migomba na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege inataka kimea cha ulezi, kimea kinaanikwa juani, na kuku hawana adabu. Wifi, mjane wa kaka yangu anayeishi kwa kuuza mbege, ndiye aliyegundua kwamba vyandarua vya kugawiwa bure vinafunika kimea vizuri kuliko gunia. Majirani wakaona. Mmoja akafunika vifaranga, mwingine miche ya nyanya.

Mjukuu wangu alilala ndani ya chandarua kila usiku. Mimi ndiye niliyekichomeka chini ya godoro. Malaria ikampata hivyo hivyo, ikala damu mpaka viganja vikawa vyeupe. Nikamwambia muuguzi kwa uchungu kwamba chandarua chao ni kitambaa tu.

"Jioni mtoto anakaa wapi, mama?"

"Jikoni, nje, na mimi."

"Na majirani wametundika?"

Akanieleza taratibu. Dawa iliyo kwenye chandarua inaua mbu anayetua, kwa hiyo nyumba nyingi zikitundika, mbu wanapungua mtaa mzima, hata kwa yule ambaye bado yuko nje anapika.

Niliporudi nilipita nyumba kwa nyumba kama natafuta ndizi za kwenda kuuza sokoni. Ukiacha yangu na ya wifi, nyumba kumi na moja, zilizotundika tatu. Nikapita tena kwa kisingizio cha bei. Tatu.

Nikaenda kwa wifi.

"Nipe bei ya kutoa hivyo vyandarua hapo."

"Kuku wakimaliza kimea, ada ya watoto wa kaka yako utalipa wewe?"

"Nakuletea wavu wa bustani."

"Mbili."

"Mmoja na nusu."

"Wifi, hata ndizi zako huuzi nusu. Mbili."

Nikakubali, kitu ambacho sokoni sikifanyi. Akatundika vyake kitandani siku hiyo hiyo. Ndipo nikamwomba awaambie na wenzake kwamba kitu chenye dawa ya wadudu hakitandazwi juu ya kimea. Akakunja uso.

"Nikisema hivyo, nani atakunywa tena kwangu?"

Tangu hapo hanisalimii. Na majirani hawajatundika. Wanasema kama ingekuwa vibaya, mwenye mbege angeshasema.

Mtoto amerudi nyumbani, jioni anakaa tena karibu na moto wangu. Jumamosi kuna mkutano wa kitongoji. Nikisimama nikaeleza yote, mtaa utatundika, na mjane wa kaka yangu atabaki na mapipa yake. Nikinyamaza, watoto wake watasoma, na wangu ataendelea kuumwa na mbu wa nyumba nane. Wewe unayesoma, ambaye hudaiwi undugu na upande wowote, nishauri: nisimame?